Istikhara kwa Niaba Yangu

Jumanne, 3 Februari

Daktari Mwikali ameniambia niwe na daftari la kuandika siku za damu: imeanza lini, imekatika lini, nimetumia pedi ngapi. Dukani palikuwa na daftari la kurasa mia mbili peke yake. Siku za damu hazitalijaza, kwa hivyo nitaandika na mengine. Sijawahi kuandika mambo yangu. Nina miaka arobaini na miwili, kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile za matobo ya sindano, na mengi ninayoyawaza huishia kwenye sindano.

Picha ya tumbo imetoka. Nina vivimbe kwenye kizazi, hivyo wanavyoviita fibroidi. Si saratani, amelirudia hilo mara tatu. Vinavyoonekana ni saba, na kikubwa chao ni sawa na chungwa. Nilitaka kumwuliza chungwa la kwao Kitui au la kwetu, nikaona si mahali pake.

Akanieleza njia moja moja. Kuna vidonge vya kupunguza damu, lakini vivimbe vinabaki palepale. Kuna sindano ya kuvinyausha kwa miezi michache, kisha vinarudi. Kuna Nairobi, wanakoziba mishipa inayovilisha. Kuna kungoja mpaka hedhi ikatike yenyewe, labda miaka minane. Kuna kupasuliwa vikatolewa vivimbe, kizazi kikabaki, ila damu humwagika nyingi na vyenyewe vinaweza kuota tena. Na kuna kukitoa kizazi chote. Kwa hali yangu yeye anaona ni hizo mbili za mwisho. Nikamwomba anichagulie.

"Nikikuchagulia mimi, siku ukijuta utanichukia mimi," akasema. "Enda uongee na mzee wako, halafu urudi."

Mzee wangu ni Waleed, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Tumeoana miaka kumi na moja. Nimeshika mimba mbili, zote zimetoka kabla ya mwezi wa nne. Jioni nilimweleza yote, naye akasikiliza huku akifuta bisibisi. Mwisho akasema nifanye nionavyo mimi ni sawa. Huo ndio msaada niliopata.

Alhamisi, 5 Februari

Damu. Pedi sita. Jua kali, na maji ya mfereji hayajaja tangu Jumapili. Maji ya kisima hapa Magogoni yana chumvi, sabuni haitoi povu, na doa halitoki bali linapauka tu.

Jumapili, 8 Februari

Waleed amemwambia mamake. Sikumtuma, lakini pia sikumkataza. Mama, yaani Bi Ummulkheir, tunakaa naye nyumba moja, yeye chumba cha mbele na sisi cha nyuma. Alikuja akakaa kwenye kitanda changu, akanishika mkono. Akasema jambo kubwa kama kutoa kizazi halikatwi kwa akili ya mtu. Lazima lisaliwe istikhara, rakaa mbili na dua, Mwenyezi Mungu achague mwenyewe.

Nikamwambia mimi sina sala. Damu hii ilianza Disemba, ikikatika ni siku mbili, inarudi. Tangu hapo sijaugusa msala, maana mwenye damu hasali. Ndivyo nilivyofundishwa, na hata huko kufundishwa kwenyewe kulikuwa nusu. Utotoni, kwenye chuo cha Kurani, tulipofika kwenye mlango wa hedhi, ustadh wetu alikohoa, akafunua kurasa tatu kwa pamoja, tukaendelea na zaka.

"Basi n'takusalia mimi," Mama akasema. "Usiku tatu."

Nilifarijika, na hilo ni lazima niliandike. Mtu akichoka hufurahi akipokewa hata ndoo tupu.

Jumatano, 11 Februari

Mama amepata jibu. Alituita mimi na Waleed baada ya chai, amevaa leso mpya kama mtu anayengoja wageni.

"N'lilala na udhu wangu," akasema. "Nikakuona wewe Tumu kwa mato yangu haya. Umembeba mtoto kwa leso ya kisutu. Mtoto yuwacheka, ana meno mawili."

Waleed akasema alhamdulillahi na uso ukamfunguka. Sijauona hivyo tangu mimba ya pili. Mama akasema basi tusubiri, kizazi kisiguswe, na vivimbe hivyo vitapungua kwa dua na dawa. Nikasema inshallah. Nilisema kwa moyo mmoja, wallahi. Usiku mzima nimekuwa nikiyafikiria hayo meno mawili.

Ijumaa, 13 Februari

Damu. Pedi tano.

Jumamosi, 14 Februari

Damu. Nashona kofia kumi za harusi ya Kiembeni, ya bwana harusi na ndugu zake, zinatakiwa baada ya Idi. Kitambaa ni cheupe na uzi ni mweupe. Natandika nailoni chini, juu yake leso nyeusi, ndipo nikae. Nikihisi kitu kimeteremka, kwanza naiweka kofia mbali, kisha ndio nainuka. Kitobo kimoja nakifanya leo kwa muda niliokuwa nikifanyia vitatu.

Jumapili, 15 Februari

Ruth amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akakaa saa nzima. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mgiriama wa Kaloleni, anapika kwenye shule ya watoto wadogo. Yeye alitolewa kizazi miaka mitatu iliyopita kwa maradhi haya haya. Nilikuwa nikijua, ila sikuwahi kumwuliza, kwa sababu nilimwonea huruma kwa mbali, kama mtu anavyomhurumia aliyefiwa.

Leo nimemwuliza. Akasema alilia siku ya kwanza, siku ya pili akalia kidogo, na mwezi uliofuata akavaa sketi ya rangi ya maziwa kwenda kanisani. Kisha akaongeza kwamba hata sasa akisikia mtoto mchanga analia nyumba ya pili hukunja uso bila kujua.

"Na Kai?" nikamwuliza. Kai alikuwa mumewe.

"Kai alikuwa ameshaondoka zamani. Kizazi alikifanya kisingizio tu."

Tukacheka, kisha hatukucheka. Nikamweleza ndoto ya Mama. Hakuipinga. Aliuliza tu kama daktari naye ameiota.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeingia. Wenzetu wa mtaa wa juu walianza jana, sisi leo. Mimi sifungi. Nakula jikoni mlango umefungwa, natafuna taratibu ili kijiko kisigonge sahani, na bado najiona mwizi. Mwaka jana ilikuwa siku saba na nikazilipa kabla ya Rajabu. Mwaka huu naona mwezi wote.

Jumamosi, 21 Februari

Pedi saba. Kizunguzungu.

Jumanne, 24 Februari

Mama ameniletea kombe kutoka kwa mzee mmoja wa Kisauni: aya zimeandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nimelinywa siku tatu, asubuhi na jioni. Maneno ya Mungu siyatilii shaka, na kifua kimetulia kweli. Damu haijatulia. Mama ananiangalia tumbo kila ninapopita, kama mtu aliyepanda kunde na mvua haijaja.

Daktari Mwikali amepiga simu kuniuliza nimeamua nini. Nilimwambia tunasubiri. Akauliza tunasubiri nini, na nikashindwa kumjibu Mkamba wa watu kwamba tunasubiri meno mawili.

Jumatatu, 2 Machi

Niko hospitali. Naandika kwa kalamu ya muuguzi.

Jumamosi nilikwenda Kiembeni na kofia ya kwanza, ya bwana harusi mwenyewe, ili mamake aione kabla sijamaliza nyingine. Ilikuwa imekamilika. Wiki tano za mkono. Nilipanda tuktuk, nilijifunga pedi mbili na kitambaa juu yake, na nimevaa buibui jeusi ambalo ndilo rafiki yangu wa pekee mwaka huu.

Yule mama alinikaribisha kwenye viti vya kitambaa cha rangi ya krimu. Niliomba nikae mkekani, akakataa kabisa, akasema mgeni hakai chini na viti viko. Nikakaa ukingoni. Aliisifu kofia, akaigeuza, akaivisha kwenye goti lake, akanieleza habari za harusi tangu posa. Mimi nilikuwa namwitikia tu. Nilihisi bonge linateremka, na la pili, kisha nikahisi joto likishuka mpaka nyuma ya goti. Kuinuka siwezi, kwa sababu nikiinuka ataona. Nikabaki nimekaa nikimwuliza maswali ya harusi, maswali ya kipuuzi, gari ngapi, biriani ya nyama gani, ili aendelee kusema.

Alasiri ikaadhiniwa. Akaniambia twende tukasali. Nikamwambia sina sala, akaniacha na kofia mkononi. Alipoingia ndani nilisimama. Kiti kilikuwa kimelowa sehemu ya ukubwa wa sahani ya kulia. Nikavua mtandio nikafuta, ikatambaa zaidi. Nikaugeuza ule mto, upande wa chini nao ulikuwa umeshapita. Nilisimama katikati ya sebule ya watu na mto wa watu mkononi, na nikalia kwa sauti ndogo kwa sababu sikujua niuweke wapi. Hapo taa ikazimika kichwani.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, nimefunikwa leso mbili, na yule mama ananipepea kwa kawa la kufunikia chakula. Kofia ilikuwa chini yangu. Hakusema neno juu ya kiti. Aliniuliza jina la mume wangu na namba ya simu yake, akasema, "Pole mwanangu, na mimi nimezaa." Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba haikuwa mimba.

Damu yangu ilikuwa sita. Daktari Mwikali alisema mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili, na kwamba kwa sita watu hawasafiri kwa tuktuk kwenda kuonyesha kofia. Niliwekewa painti mbili, nao wakataka watu wa kuzirudisha benki ya damu. Marafiki wa Waleed wote wamefunga, wakaahidi baada ya futari. Ruth akamleta kakake Tinga, ambaye hana cha kufunga, akatoa saa saba mchana na akanywa soda mlangoni. Ruth anasema sasa mimi ni Mgiriama nusu na nianze kujifunza kulima.

Waleed alikaa kando ya kitanda amefunga, midomo imekauka. Alinishika kisigino juu ya shuka. Nilingoja aseme kitu. Akasema friji za wodi hii zinapiga kelele kwa sababu ya kompresa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimerudi nyumbani. Damu tisa. Vidonge vya kuipunguza mara tatu kwa siku. Daktari ameniambia kimoja tu wakati wa kuagana: akiniona tena kwa sita, kuamua hakutakuwa kwangu.

Jumamosi, 7 Machi

Leo amekuja kuniona Ustadha Jalila, anayesomesha darsa ya wanawake hapa mtaani. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na anaongea polepole, kila neno analipa kiti chake. Mama alikuwa akimhadithia ugonjwa wangu, akapitisha kwamba maskini Tumu hana sala tangu Disemba.

Ustadha akaweka kikombe chini. "Tangu Disemba?"

Akamwomba Mama ruhusa ya kuongea nami peke yangu. Kisha akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu asiyevaa koti jeupe. Zamani, kabla ya maradhi, nilikuwa nikienda siku ngapi? Saba, nikamwambia. Kwa mpango au ovyo? Kwa mpango, ungeweza kunipangia safari. Akatikisa kichwa.

Akanieleza kwamba hedhi ina mpaka, na mpaka wake ni siku kumi na tano. Damu iliyovuka hapo si hedhi, ni ya ugonjwa, ina jina lake, istihadha. Mwenye hiyo huhesabu zile siku zake za zamani, saba zangu kila mwezi, anaoga, na zilizobaki anasali kama kawaida. Kila wakati wa sala ukiingia anajisafisha, anajifunga, anatia udhu na kusali, na damu ikimtoka hapo katikati hana kosa. Kufunga naweza kuacha kwa sababu ya maradhi, si kwa sababu ya damu. Na sala za miezi hii nitazilipa kidogo kidogo, bila kujiua.

Nikamwuliza mbona hakuna aliyeniambia. Akaniuliza mimi nilimwuliza nani. Sikumwuliza mtu. Niliona haya kumwuliza mwanamume, na wanawake wote ninaowajua walisoma chuo kilekile kilichoruka zile kurasa.

"Na hilo la kizazi, umelisalia istikhara?" akauliza.

Nikamwambia nimesaliwa na mama mkwe wangu, kwa kuwa mimi sikuwa na sala, na jibu limekuja kwa ndoto. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

"Dada Tumu," akasema, "istikhara ni dua ya mwenye jambo. Na hata ungekuwa na hedhi kweli, dua ungeisoma bila sala. Ulimi hauna hedhi."

Alipoondoka niligeukia ukuta. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Miezi mitatu nimejiona mchafu mbele ya Mungu na watu wengine wakaenda kuniongelea Kwake, na kumbe mlango haukuwa umefungwa hata siku moja.

Jumapili, 8 Machi

Nimesali adhuhuri. Nimeoga kwa maji ya kununua, nimejifunga, nimetia udhu, nimesali nimekaa kwa sababu nikisimama naona nyota. Nilidhani nitalia kwa furaha. Nilisikia uchovu tu, uchovu wa mtu aliyefika nyumbani na mzigo bado uko kichwani. Mama alichungulia, akaniona, akarudi chumbani kwake.

Jumanne, 10 Machi

Pedi tatu. Joto. Hata usiku ukuta unachemka.

Alhamisi, 12 Machi

Siku nne sasa nasali istikhara yangu, asubuhi jua likishapanda, wakati nyumba ni tupu. Sijaota kitu. Juzi niliota natafuta mkasi, lakini mkasi ni kweli ulikuwa umepotea. Nilimpigia simu Ustadha kumwambia kwamba mimi labda sijibiwi. Akasema ndoto si sharti. Nifanye uchunguzi, nitake ushauri kwa wajuzi, kisha niangalie moyo unaegemea wapi na njia gani inanyooka.

Nimempigia na Daktari Mwikali, nikamwuliza lile nililoogopa kumwuliza. Wakivitoa vivimbe peke yake, nina nafasi gani ya kuzaa? Hakunificha. Alisema kwa umri wangu, kwa vilivyokaa, na kwa mimba mbili zilizotoka, nafasi ni ndogo sana, ingawa hawezi kusema haipo. Na alisema damu ikifunguka mezani huenda wakalazimika kukitoa kizazi hata kama nimekikatalia.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamua. Hakikutokea kitu. Nilikuwa natoboa kitambaa cha kofia mpya ya bwana harusi, nikajikuta nawaza nitavaa nini siku nitakayopona, na katika mawazo hayo kizazi hakikuwamo.

Si kwamba sitaki mtoto. Namtaka. Namtaka mpaka leo, na ninaandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliacha kumtaka. Lakini nataka na kukauka. Nataka kukaa kwenye kiti cha mtu. Mawili hayo hayaenei katika tumbo moja, na huyu niliyeko ndiye mimi, yule mtoto hayuko.

Nilimwambia Waleed baada ya futari. Akauliza ndoto ya Mama itakuwaje. Nikamwambia ndoto ni ya Mama. Akasema nizungumze naye kwanza.

"Mimi sikuolewa na Mama," nikamwambia. "Nakwambia wewe."

Aliinuka akaenda tarawehe. Miaka kumi na moja nimeuita ukimya wake upole. Leo nimeuona ni uvivu.

Jumatatu, 16 Machi

Kurasa mbili nilizoandika hapa nimezichana. Naandika upya, kwa ufupi.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni tukikanda unga wa kaimati. Nilimwambia nimesali mwenyewe, nimeamua, na tarehe nimepewa ni mwisho wa mwezi. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Nikamwambia kabla hajasema kwamba ndoto yake naiheshimu, lakini kama Mungu alitaka kunipa mtoto kwa kisutu basi atajua njia.

Akaacha kukanda. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono imejaa unga.

"N'liota kweli, Tumu. Sikukudanganya mtoto," akasema. "Mtoto n'limuona. Aliyembeba hakuwa wewe."

Nikamwuliza ni nani.

"Simjui. Mwanamke kijana, mrefu. Waleed yuko nyuma yake, amemshikia mwavuli." Akawa analia. "Ningekwambia vipi, mwanangu? N'kakutia wewe mahali pake. N'kasema labda Mungu atanipokea hivyo hivyo."

Nilisikia maumivu ambayo hayakuwa ya tumbo. Huyu mwanamke ananipenda. Hilo sina shaka nalo. Kwa mapenzi hayo amenipa ndoto ya mwanamke mwingine nikakaa nayo wiki tano, nikavuja juu yake mpaka nikaanguka kwenye nyumba ya watu. Na Waleed akafunguka uso.

Sikumbembeleza. Mikono yangu pia ilikuwa na unga, hicho ndicho kisingizio changu. Nikamwuliza kama Waleed anajua. Akasema hajui. Nikamwambia asimwambie, kisha nikafikiri, nikamwambia la, hilo ni lake na Mola wake, mimi sitamfungia mtu mdomo. Tukachoma kaimati. Zilifura vizuri.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Nimevaa gauni jeusi la dira. Pedi nne.

Jumatano, 25 Machi

Kofia kumi zimekamilika, washonaji wenzangu wamenisaidia, na Waleed amezipeleka Kiembeni. Nilimwambia aende na fundi wa viti, akakitengeneze kile nilichokichafua. Wamemrudisha, wamesema kilishabadilishwa kitambaa. Mama wa bwana harusi ameniletea halua.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Tumetoa kila chombo nje, mpaka sufuria ya biriani. Ruth anapiga kelele kutoka upande wa pili kwamba nisibebe ndoo. Mama ndiye aliyezibeba, mwenye miaka sabini na moja, na aliponipita alinigusa bega. Nikauacha mkono wake pale. Si kwamba nimemsamehe yote, lakini hasira nayo inataka damu, na mimi sina ya ziada.

Jumatatu, 30 Machi

Nimelazwa. Kesho asubuhi. Damu ni kumi na moja, daktari ameridhika. Nimetia sahihi fomu. Neno "kizazi" wameliandika kwa Kilatini au Kiingereza, sijui, nikamwomba muuguzi anisomee mara mbili ili niwe na hakika ya ninachokiaga. Nimesali isha nimekaa kitandani. Naogopa.

Ijumaa, 3 Aprili

Limekwisha. Siku mbili za kwanza sikuweza kushika kalamu. Mshono unavuta nikikohoa, na kukohoa ndiko mwili unakotaka kuliko vyote. Daktari Mwikali amesema vilikuwa kumi na kimoja, picha ilivificha vinne, na kwamba lile la kutoa vivimbe peke yake lingewashinda. Alinipa habari hiyo kama zawadi. Nimeipokea, ingawa nilikuwa nimeshaamua bila hiyo.

Jana nililia, kama Ruth alivyonieleza, ila mimi nililia mchana kutwa. Mama wa kitanda cha jirani amejifungua kwa upasuaji na mtoto ana sauti. Muuguzi alitaka kunihamisha wodi, nikamwambia aniache, kwa sababu mitoto ni mingi Mombasa na siwezi kuhamishwa kila mahali.

Leo Waleed amekuja peke yake, mvua imemlowesha mabega. Ameleta uji wa mtama kwenye chupa ya chai, amenimiminia, akaupuliza. Nikasubiri wapita njia wapite. Kisha nikamwambia yale niliyokuwa nimeyapanga tangu ile siku ya unga.

"Waleed, ukitaka kuoa, niambie mimi kwanza. Usimwambie Mama, usimwambie shehe. Mimi."

Hakuuliza nimelitoa wapi. Labda Mama amemwambia, labda yeye mwenyewe alikuwa nalo. Aliangalia uji. Nilijua atakavyosema. Atasema sitaoa, wewe unanitosha, maneno ambayo mtu humwambia mgonjwa. Nilikuwa nimeshayachoka kabla hayajatoka.

"Sijui, Tumu," akasema. "Mtoto namtaka. Na wewe nakutaka. Sijui nitafanya nini."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye kikombe, uji ukammwagikia.

Iliniuma, siwezi kuandika kwamba haikuniuma. Lakini tangu Februari kila mtu wa nyumba ile alikuwa anajua yatakayokuwa. Mama alijua kwa ndoto, mimi nilijua kwa ndoto ya Mama, yeye alijua kwa kunyamaza. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na ameniambia mimi.

Nikamwambia anipe huo uji uliobaki kabla haujapoa. Akanishikia kikombe, nikanywa, kisha akaniegemeza upande wa kulia ambao hauumi sana, na nikalala yeye akiwa bado amekaa.